Aliyempita Makarius Bila Salamu

Mwaka ule Bazilio wa Kitahana alisalimia kila kitu. Alisalimia watu, kama ilivyo ada, lakini alisalimia pia vichuguu, migomba, na baiskeli zilizoegemezwa ukutani. Asubuhi moja alisimama katikati ya njia, akainama kidogo, akapiga makofi yale ya taratibu ya heshima, akasema "Mwakeye" kwa upole, akangoja ajibiwe. Aliyekuwa mbele yake ni ndama wa jirani. Ndama alimtazama, akaendelea kutafuna. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walicheka hadi maji yakawamwagikia mabegani, na Bazilio akapita huku naye anacheka, akijifanya ule ulikuwa utani wake wa makusudi.

Haukuwa utani hata kidogo. Tangu mwaka juzi macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na ukungu huo haukuondoka jua likipanda. Sasa wewe mpite Muha bila kumsalimia uone. Afadhali umpige kibao, maana kibao huwa kina sababu. Bazilio akakata shauri kwamba ni heri kusalimia visiki mia kuliko kumpita mtu mmoja.

Na shauri hilo lilikuja kwa kuchelewa, kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameshapitwa.

Mtu huyo ni Makarius, rafiki yake tangu ujana, waliyetundika naye mizinga msituni wakagawana asali na kuumwa na nyuki sawasawa. Mwana wa Makarius, Brighton, fundi pikipiki pale Kibondo mjini, alikuwa amemposa Asnath, binti wa Bazilio, fundi cherehani mjini hapohapo. Mambo yalikuwa yameiva. Washenga walishakuja na kurudi, pombe ya ndizi ilishanywewa, kilichobaki ni kutaja tarehe tu. Ndipo ikaja siku ya gulio la Kibondo, mwezi wa saba, na Makarius akarudi kwake amevimba.

"Nimempigia makofi mara tatu," aliwaambia waliokuwapo. "Mara tatu! Kofia yake ileile ya pama, mwendo wake uleule wa mikono mgongoni. Kanipita kama nguzo ya umeme. Mtu wa namna hiyo ndiye niweke naye ukwe? Brighton hataoa kwenye nyumba isiyo na salamu."

Habari zilimfikia Bazilio kabla ya jua kuzama. Ni kweli alikuwa gulioni siku ile, na kofia ya pama alikuwa ameivaa. Hakukumbuka kumpita mtu, lakini angeapaje? Wiki ileile alikuwa amemuuliza mkewe, Winifrida, kwa nini mgeni aliyeketi pembeni hakaribishwi chakula, na mgeni mwenyewe alikuwa gunia la mihogo. Kwa macho kama hayo, aliona, bila shaka alimpita.

Utasema, si aseme tu kwamba haoni? Ungekuwa na binti anayeposwa usingesema hivyo. Kabla ya ndoa watu huchunguza: kwenye ukoo huo kuna kifafa? Kuna wazimu? Kuna upofu? Bazilio aliona dhahiri kwamba akitamka neno macho, Asnath ataitwa mtoto wa nyumba ya vipofu, na si Brighton tu, hata mwingine hatapiga hodi. Basi akachagua kuitwa mwenye kiburi. Akatuma radhi kupitia kwa wazee, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kutoa sababu. Makarius alijibu kwamba anayeomba radhi amekiri, na mlango ukazidi kufungwa. Miezi ilipita. Bazilio alimwonea huruma binti yake mpaka ikawa anaona haya kumtembelea.

Alipomtembelea hatimaye, mwezi wa tano, ndipo siri yake ilipovuja. Aliingia kwenye kibanda cha cherehani, akaona mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kitenge amesimama karibu na mlango. Akainama, akapiga makofi.

"Mwakeye, mama. Za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Mama hakujibu. Bazilio akaongeza makofi, akauliza na habari za shamba.

"Data," Asnath alimwita baba yake kutoka nyuma ya cherehani, "huyo ni sanamu la kutundikia nguo."

Kwanza binti alicheka, maana nani asingecheka. Kisha kicheko kikakatika. Akauliza tangu lini, na baba mtu, aliyechoka kubeba peke yake, akamweleza yote: ukungu, gunia la mihogo, gulio, na ukoo wa vipofu. Asnath aliweka mkasi chini. Akatoka nje na simu yake, akaongea kwa sauti ya chini, kisha akarudi.

"Jumanne tunakwenda Kasulu. Kuna daktari wa macho pale hospitali."

Bazilio alikubali upesi kuliko ilivyotarajiwa. Kasulu ni mbali na Kitahana, na hakuna anayemjua. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakukataza mtu kuyapeleka maradhi yake wilaya ya jirani.

Daktari Khatibu alikuwa mtu wa Pangani, aliyeletwa na kazi ya serikali. Wagonjwa walimsifia mikono na kumlalamikia mdomo. Bazilio alionja vyote siku hiyohiyo. Aliingia chumbani, akasalimia kwa kirefu, na kabla hajafika kwenye kuulizia mazao, kidevu chake kilikuwa kimeshawekwa kwenye chuma na taa imeshaingia jichoni.

"Tazama mbele. Usipepese. Vizuri sana."

Lakini vidole vilivyomfunua kope vilikuwa vyepesi, havikumuumiza hata mara moja. Kisha akaoneshwa ubao wenye alama za kuonyesha kwa mkono zimeelekea wapi. Ile kubwa ya juu aliikisia, kwa sababu mambo mengi huelekea kulia. Daktari akaigeuza. Bazilio akasema kulia. Daktari akaigeuza tena, na Bazilio, aliye mtu wa msimamo, akasema kulia.

"Mzee, una mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tutaanza na moja. Hili ni jambo dogo, kesho kutwa unaona."

"Daktari, ni ugonjwa wa ukoo?"

"Ni wa umri, kama mvi."

"Andika hapo."

"Niandike nini?"

"Kwamba si wa ukoo. Na mhuri uweke."

Muuguzi Mwanahawa, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, aliangusha pamba alizoshika. Daktari hakucheka, lakini aliandika, akagonga mhuri, akampa. Bazilio alikunja karatasi ile akaitia mfuko wa ndani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akala akashiba.

Kesho yake asubuhi wagonjwa kumi na mmoja waliketi kwenye benchi refu barazani, wamevalishwa magauni ya kijani, wakingoja zamu ya upasuaji. Mwanahawa alikuwa ameshawatia matone ya kupanua mboni, na dunia ya Bazilio ikazidi kuwa uji. Asnath alikuwa amekwenda kutafuta chai. Bazilio alisikia mtu analetwa, anaketishwa upande wake wa kushoto, anahema. Kisha mtu yule akamuuliza muuguzi kama sindano inauma.

Bazilio aligandishwa na sauti ile. Angeitambua hata ndani ya mzinga uliojaa nyuki. Ilikuwa sauti nene, yenye kikohozi kila baada ya maneno matatu. Ilikuwa sauti ya Makarius.

Bazilio akaelewa mara moja kwamba akikaa kimya ameokoka. Wamevaa sare, wote hawaoni, zamu yake ikifika ataingia, atatoka amefungwa bandeji, na Makarius hatajua kamwe kwamba Bazilio wa Kitahana alikuwa nusu kipofu. Ukoo wake utabaki safi. Ni kunyamaza tu, tena kwa muda mfupi.

Lakini kunyamaza huko ndiko kumpita mtu. Ile ya gulioni, kama aliifanya, aliifanya bila kujua. Hii angeifanya akiwa anajua, bega kwa bega, na mtu aliyekula naye asali kwenye jani moja. Bazilio alimfikiria Asnath. Alifikiria karatasi yenye mhuri. Kisha mikono yake, ambayo nadhani ilikuwa na akili kuliko kichwa, ikaanza kupiga makofi yenyewe, polepole.

"Mwakeye, Makarius. Mwakeye, Baba Brighton."

Kikohozi kilikatika katikati.

Na wakati huohuo, kana kwamba shetani alikuwa amekodishwa kwa kazi ile, mtu mrefu aliyevaa kofia ya pama alikuja akikatiza ua, mikono mgongoni, kichwa mbele, akapanda barazani, akapita mbele ya benchi zima bila kusema neno, akaingia ndani.

"Mmemwona?" Makarius alilipuka. "Mmemwona jamaa yule? Huyo ndiye Bazilio! Kanifuata mpaka Kasulu aje anipite tena!"

"Makarius, Bazilio ni mimi."

"Wewe unamwiga sauti tu. Bazilio ni huyo aliyepita, nimemwona kwa macho yangu."

"Macho yako yamefuata nini hospitali?"

Swali hilo lilimkaa Makarius vibaya. Alitweta. Akanyoosha mkono, akapapasa gauni la kijani, akashuka mpaka kwenye kiganja, akakuta kidole cha shahada kilichopinda tangu siku Bazilio alipoanguka na mzinga, siku ambayo Makarius mwenyewe ndiye aliyemfunga kijiti. Alikishika kidole kile muda mrefu.

"Yebabawe," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa yule ni nani?"

"Yule ni Daktari Khatibu," alisema Mwanahawa aliyekuwa akipita na trei. "Ndiye atakayewapasua. Kofia hiyo aliinunua alipokwenda Kibondo mwaka jana kupima watu macho, jua la gulioni lilimchoma upara. Na asali alituletea."

"Mwezi gani?" aliuliza Makarius.

"Wa saba."

Benchi lote lilikuwa limetega masikio. Bazilio alihisi hasira ikimpanda, hasira halali kabisa. Miezi kumi! Radhi tatu! Alikuwa tayari ameshafungua kinywa alipokumbuka gunia la mihogo.

"Na mimi nilijua ni mimi," alisema badala yake. "Nilijua nimekupita. Maana sioni, Makarius. Sioni tangu mwaka juzi."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungesema Asnath ni wa ukoo wa vipofu."

Makarius alifikiri, akakohoa. "Ningesema," alikubali. "Hata mimi nilinyamaza kwa hilohilo. Mama Brighton anadhani nimekuja Kasulu kutazama bei ya mabati."

Nani aliyeanza kucheka, haijulikani. Kicheko kiliwatoka wote wawili mpaka matone ya dawa yakachuruzika mashavuni, na bibi mmoja wa Kagerankanda aliyekaa mwisho wa benchi, ambaye hakuwa na lake katika habari hiyo, akacheka kuliko wao. Mwanahawa aliwakaripia kwamba dawa inamwagika bure, akawatia upya, kisha akaingia ndani akiwa na haraka ya mtu aliyebeba habari tamu.

Daktari alitoka mwenyewe, ameshavaa kofia ya upasuaji. Alisimama mbele ya benchi bila kujua mikono yake aiweke wapi.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba," walijibu, lakini kwa ubaridi.

"Nimeambiwa nilikupita, mzee. Nisamehe. Kutwa nzima natazama macho. Nikitoka nje nasahau kwamba yana wenyewe."

"Ulivunja posa," alisema Makarius.

Daktari alimeza mate. Kwao Pangani alikuwa amewahi kuambiwa kwamba ana haraka, lakini kuvunja posa hakuwahi kusingiziwa. Akauliza faini ni nini. Makarius akaitoa hapohapo: asalimie benchi lote, mmoja mmoja, kwa makofi, kuanzia kwa bibi wa Kagerankanda, na asiruke habari za nyumbani.

Basi daktari bingwa akainama mbele ya bibi, akapiga makofi yasiyo na mpangilio, akauliza habari za watoto, wajukuu na maharage. Bibi alijibu kwa kirefu mno, kwa sababu maharage yalikuwa yameshambuliwa na wadudu na alikuwa na mengi ya kusema kuhusu hilo. Watu kumi na mmoja walisalimiwa. Upasuaji wa asubuhi ile ulichelewa karibu nusu saa, na hakuna aliyelalamika.

Kuhusu upasuaji wenyewe, Bazilio hakuwa na la kuogofya la kusimulia. Palikuwa na sindano iliyouma kama nyuki mmoja, na yeye alishaumwa na mia. Palikuwa na mwanga, na sauti ya daktari, ambayo sasa ilikuwa imefunguka na haifungiki: mzee, hapa nasafisha, mzee, hapa naweka kioo, je mzinga hutundikwa upande gani wa mti? Kabla hajamaliza kueleza mambo ya mizinga, alikuwa ameshafungwa bandeji na kutolewa.

Alfajiri iliyofuata Daktari Khatibu alipita wodini akisalimia kwa makofi, safari hii kwa mpangilio, akafungua bandeji moja moja. Ya Bazilio ilipotoka, alifumba kwanza, kwa hofu. Kisha akafumbua. Akaona mstari wa pasi kwenye mkono wa koti la daktari. Akaona kucha zake mwenyewe, chafu kuliko alivyodhani. Akaona Mwanahawa ana mwanya. Akamwona, kwenye kitanda cha pili, mzee mwenye kichwa cheupe pe anayemkodolea jicho jekundu.

"Umezeeka, Makarius!"

"Na wewe masikio yamekua," alijibu Makarius. Chozi likamtoka, na daktari akamkataza kulifuta kwa mkono. "Nikirudi nitasimama gulioni niseme mbele za watu kwamba kipofu nilikuwa mimi. Wakitaka kusema ukoo wangu, waseme."

"Si wa ukoo," alisema Bazilio. "Nina karatasi."

Wakati anaitafuta mfukoni, mlango wa wodi ulifunguliwa. Brighton aliingia na chupa ya chai. Nyuma yake aliingia Asnath na kikapu cha maandazi. Walikuwa wakiongea na kucheka, kama watu wasiojua kwamba wametengana. Bazilio alielewa papo hapo simu ile ya nje ya kibanda ilipigwa kwa nani, na kwa nini wazee wawili walijikuta kwenye benchi moja siku moja. Alitaka kukasirika, ikashindikana. Alikuwa akiuona uso wa binti yake, shavu lake, nywele alizosuka, na furaha ilimjaa.

Kisha Asnath akaweka kikapu juu ya meza, akageuka, akasimama ubavu.

Bazilio alitazama. Akapepesa lile jicho jipya, akatazama tena. Akamgeukia Makarius, akakuta Makarius naye ametazama palepale, kinywa wazi.

"Daktari," alisema Makarius polepole, "hebu njoo. Hili jicho liko sawa? Halikuzi vitu?"

Daktari alifuata walikotazama, akakohoa, akageuza uso dirishani. "Liko sawa, mzee. Hiyo ni kama miezi saba."

Brighton alikuwa ameganda na chupa ya chai mkononi. Asnath hakuinamisha uso. Machozi yalimlengalenga, lakini alisimama palepale, mikono juu ya tumbo lake kubwa, akimngoja baba yake aseme. Bazilio akahesabu nyuma. Miezi saba binti yake alikuwa ameketi na kushona akiwa hivi, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu wazee wawili walikuwa wamenuniana kwa salamu ya mtu wa Pangani. Aibu iliyompata ilikuwa yake mwenyewe, wala haikuwa ya binti.

"Kaa kitini, mwanangu," alisema. "Usisimame hivyo, utachoka. Mama yako anajua?"

Asnath aliketi, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kitahana nzima inajua, data. Mlikuwa mmebaki ninyi wawili."